Wimbo wa Akai Ulivyofika Kakuma

Siku za wiki Akai alishona sare za shule katika kibanda chake sokoni Lodwar. Jumamosi aliimba. Bendi yake iliitwa Napetet Jazz, kwa jina la mtaa walikoanzia, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kupiga jazi wala aliyejua vizuri ni muziki wa namna gani. Walikuwa watatu tu: Akai mwenye sauti, Lokwang mwenye ngoma na Ekal mwenye gitaa. Harusi ikiwepo waliitwa. Kisima kikifunguliwa waliitwa. Wakati wa kura, kila mgombea aliwaita kwa siku yake, nao wakabadilisha fulana kila walikokwenda. Lakini lori likishapita Lokichar kuelekea Kitale, hakuna tena aliyelijua jina la Akai.

Jambo hilo lilikuwa limemuuma miaka mingi, na mwisho akalizoea. Alijiambia kwamba angalau Lodwar ni yake. Mtu akisema pale mjini, "Tutafute mwimbaji," hakuhitaji kutaja jina.

Ekal alikuwa amempigia gitaa tangu wote wawili wakiwa vijana wa kwaya. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno, na riziki yake ilikuwa kufunga sola juu ya mabati ya maduka. Akai alipotaka kushusha sauti, Ekal alikuwa ameshashuka. Akivuta pumzi, gitaa lilimngojea. Hawakuwa wapenzi, hawajawahi kuwa, wala hakuna aliyelifikiria hilo. Akai alikuwa na mume wake, Adome, dereva wa lori la maji, na mtoto wao mkubwa Ewoi alikuwa ameshaanza kazi Lokichoggio. Hata hivyo kuna kitu kati ya mwimbaji na mpiga gitaa wake ambacho hakina jina, na Akai hakujua kwamba anacho mpaka kilipoanza kumtoka mkononi.

Ilianza katika harusi moja karibu na mto Kawalase. Walikuwa katikati ya wimbo ambao wameupiga mara zisizohesabika, na Ekal akaingiza kitu kipya. Kilikuwa kifupi, nyuzi za juu tupu, kama mtu anayepanda mwamba mbiombio kisha anasimama ghafla kutazama chini. Akai alipoteza neno. Watu hawakutambua, lakini Lokwang alimtazama.

"Hiyo umeitoa wapi?" Akai aliuliza walipokaa kula.

"Ipi?"

"Usijifanye, Ekal. Ile ya juu."

Ekal akatafuna nyama yake taratibu. "Kakuma," akasema. "Nilienda kufunga sola kwa duka moja kule kambini kwa wakimbizi. Kuna dada mmoja anaimba hapo karibu, anaitwa Adeng. Ana mzee anampigia zeze la nyuzi tano, wenyewe wanaliita tom. Nikakaa nao kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, Mama Ewoi."

Baada ya hapo Ekal akawa na kazi nyingi Kakuma. Kila juma alikuwa na betri ya kubadilisha au waya wa kuvuta. Alikosa mazoezi mara moja, kisha tena. Alipokuja, vidole vyake vilikuwa vimejaa mambo ya kule. Akai aliyasikia yote. Kilichomchoma si kwamba yalikuwa mabaya. Yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja ambalo Ekal aliwahi kulitunga kwa ajili yake.

Akaanza kuuliza habari za huyo mwanamke kwa ujanja. Aliwauliza wateja waliotoka Kakuma kununua sare, huku akipima mabega ya watoto wao. Je, ni kijana? Ni mzuri? Anajulikana? Wengi hawakuwa wamemsikia. Hilo lilimpa nafuu ya siku mbili tatu, kisha nafuu ikaisha.

Nyumbani Adome alimwangalia akichovya ugali bila kula. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Wewe unamtaka Ekal?" aliuliza.

Akai akainua uso. "Nini?"

"Watu wanasema. Lokwang ameniambia umekuwa ukimfokea kwa sababu ya mwanamke wa Kakuma. Mimi nimeona niulize badala ya kukaa nayo."

"Baba Ewoi, mimi simtaki Ekal hata bure."

"Basi shida ni nini?"

Akai alifikiri namna ya kulieleza. Alitaka kusema kwamba mtu anaweza kukuacha bila kuondoka, kwamba anaweza kusimama palepale pembeni yako na gitaa lake, na wewe ukasikia amehama. Lakini Adome alikuwa mtu wa injini na barabara, na maneno hayo yangemwogopesha zaidi.

"Anampigia vizuri kuliko anavyonipigia mimi," akasema mwishowe.

Adome akamega tonge. "Umekwenda kusikia?"

"Hapana."

"Basi nenda usikie," akasema, akarudi kwa chakula chake.

Akai akafunga kibanda siku ya Alhamisi na kusema anakwenda Kakuma kununua vitenge kwa Wakongo. Hakumwambia Ekal. Alifika kabla ya adhuhuri, akanunua kweli vitenge viwili ili safari isiwe ya uongo mtupu, kisha akaanza kuuliza njia kati ya vibanda vya mabati na kuta za udongo. Alielekezwa kwa Kiswahili cha Kongo, kisha kwa Kiarabu cha Juba ambacho hakukielewa, mpaka kijana mmoja akamwonyesha kwa kidole mkahawa wa Mhabeshi.

Ulikuwa uwanja mdogo uliofunikwa kwa turubai, na harufu ya kahawa iliyokaangwa. Watu kama ishirini walikuwa wamekaa. Wengine walicheza karata. Mbele kabisa, kwenye benchi la mbao, alikaa mzee mwembamba mwenye makovu ya mistari kwenye paji la uso, akiwa amepakata zeze lake. Kando yake Ekal alikuwa amekaa na gitaa la Napetet Jazz. Na katikati yao alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu kupita wote, amevaa gauni la kawaida la bluu na ndara. Hakukuwa na kipaza sauti.

Akai alikaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, akajivika kanga kichwani.

Adeng alianza kuimba bila kuwataka watu wanyamaze. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilitoka chini, kavu kidogo, kisha ikafunguka pale ambapo Akai mwenyewe angeifunga. Akai alikuwa amejiandaa kuchukia. Alikuwa amekuja na makosa mkononi tayari kumpa yule mwanamke: labda anapaaza mno, labda hana pumzi, labda anategemea sura. Akatafuta mahali pa kuyaweka akakosa. Wacheza karata wakaweka karata chini. Mhabeshi mwenyewe akasimama na birika mkononi, akasahau alikuwa anampelekea nani.

Aliyekaa jirani yake, mama mmoja Msudani mwenye kikapu cha vitunguu, alimwinamia. "Anaimba habari ya mto wa kwao," akasema. "Wewe ni mara ya kwanza?"

"Ndiyo. Mbona watu ni wachache hivi?"

Mama yule akaonyesha kwa kidevu. "Yeye ni Mdinka. Mzee Wiyual ni Mnuer, na makabila hayo yamepigana kule kwetu. Wadinka hawamwiti kwa harusi kwa sababu ya mzee. Wanuer hawamwiti mzee kwa sababu yake. Wameambiwa waachane, kila mmoja atafute wake. Wamekataa. Basi wanaimbia hapa, kwa watu ambao hawajui maneno."

Akai alikuwa amekuja kumwonea wivu mtu aliyefanikiwa. Sasa aliona kwamba Adeng hana hata kile kidogo ambacho yeye alikuwa nacho: hana harusi, hana kisima cha kufungua, hana mgombea wa kumpa fulana. Ingepaswa kumwondolea wivu. Badala yake ukakua, kwa sababu sasa hakukuwa na kitu kingine cha kuuelekezea isipokuwa ile sauti yenyewe.

Kisha Ekal akapiga nyuzi ambazo Akai alizijua kabla hazijamalizika.

Ulikuwa wimbo wake. Aliutunga mwaka ule wa kiangazi kibaya, mama yake alipokataa kuondoka Nakalale na kuja mjini, akabaki kule na mbuzi wake mpaka wakafa wote, na yeye akafa baada yao. Katika wimbo ule binti anaita kutoka barabarani, anamwambia mama atoke, gari linangoja, na mama anajibu kwamba bado anatafuta mbuzi mmoja. Akai ameuimba mahali pengi tangu hapo, hata kwenye harusi, kwa sababu watu waliupenda.

Adeng aliuimba kwa Kiturkana. Alikosea matamshi hapa na pale. Kuna neno moja aliligeuza likawa halina maana kabisa. Lakini alipofika pale binti anapoita mara ya mwisho, hakuita. Aliliacha gitaa lipite peke yake, na zeze la mzee likafuata chini yake, na yeye akasimama tu mikono ikiwa imelegea. Kisha akaingia na jibu la mama, kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeshughulika, asiyejua kwamba anaagwa.

Akai aliuma pindo la kanga. Hakuwahi kufikiri kuuimba hivyo. Ulikuwa wimbo wake, mama yake, mbuzi wa kwao, na mgeni huyu ndiye aliyemkuta mama mle ndani.

Ekal alimwona watu walipopiga makofi. Uso wake ukabadilika, lakini hakukimbia. Alimleta Adeng mpaka nyuma.

"Huyu ndiye Mama Ewoi," akasema.

Adeng akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ejok, mama," akasema, akimsalimia kwa Kiturkana. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha moja kwa moja. "Ekal anasema wewe uliandika hii wimbo. Mimi mama yangu pia ilibaki nyuma. Kama nimeharibu, unisamehe."

"Hujaharibu," Akai akasema. Ndiyo maneno aliyoweza. Akakataa kahawa, akachukua vitenge vyake, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata alimngoja Ekal nje ya ukumbi wa kanisa walikoitwa kwa harusi, kabla Lokwang hajafika.

"Umempa wimbo wangu," akasema.

"Nilimfundisha. Aliupenda."

"Nani alikwambia ugawe vitu vyangu?"

Ekal akaliegemeza gitaa ukutani. Ilionekana kwamba alikuwa amekaa na maneno haya muda mrefu na hakutaka kuyasema. "Mama Ewoi, wewe siku hizi unauimba huo wimbo kama mtu anayeita wateja. Unautupa. Mimi nakaa pale nyuma nakusubiri urudi, hurudi. Kule nimeusikia tena."

"Basi kaa kule."

"Sawa," akasema Ekal. Akapiga harusi ile mpaka mwisho bila kosa hata moja, akafunga gitaa kwenye gunia lake, na hakurudi.

Akai akatafuta kijana wa kinanda cha umeme, mwenye midundo iliyokwisha kutengenezwa. Kazi ziliendelea. Hakuna aliyelalamika, na hilo nalo lilimtia uchungu.

Miezi michache baadaye alikuja Kariuki kibandani kwake. Alikuwa mtangazaji wa redio moja ya pale mjini, Mkikuyu aliyekaa Lodwar kiasi cha kusalimia kwa Kiturkana bila kuchekwa. Redio yake ilikuwa ikiandaa tamasha la wasanii wa Turkana wasiojulikana, na wangerusha nyimbo zao mpaka stesheni za Eldoret na Nairobi.

"Wewe uko ndani tayari," Kariuki alimwambia, akivuta stuli. "Lakini nimesikia kuna dada Kakuma, Msudani, anaimba na mzee wa zeze. Unamjua?"

Akai alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Uzi ukapita mara ya kwanza. "Simjui," akasema.

"Hujawahi hata kumsikia?"

"Kule kambini wanaimba wengi. Ni nyimbo za kanisa tu."

Kariuki akatikisa kichwa, akaaga. Akai alishona mguu mmoja wa suruali kwenye mfuko, ikabidi afumue.

Ikaja siku ya mazoezi, mchana, kwenye uwanja wenye viti vya plastiki vilivyopangwa chini ya mahema. Nafasi ya mwisho, ile ya heshima, alikuwa amepewa kijana aliyerudi kutoka Nairobi, mwenye miwani ya jua na vijana wawili wa kucheza nyuma yake. Akachomeka muziki wake kwenye mashine, na Akai akamtazama mdomo. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika. Mdomo ulikuwa unaifuata, na mara nyingine uliichelewa. Alipomaliza, waandaaji wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Kariuki naye alipiga.

Akai alisikia hasira ambayo haikufanana na ile ya Kakuma. Ile ilikuwa na heshima ndani yake. Hii ilikuwa ya kudharauliwa. Alijiona amewekwa kwenye mizani moja na kijana yule, na hapo akamkumbuka mwanamke wa ndara za kawaida mbele ya watu ishirini, na akagundua kwamba kama ni lazima kuwe na mtu wa kumshinda, hakubali awe huyu.

Alimfuata Kariuki nyuma ya jenereta.

"Yule dada wa Kakuma," akasema kwa sauti ya juu ili asikike. "Anaitwa Adeng. Mzee anaitwa Wiyual. Wanaimba kwa Mhabeshi, karibu na soko la Wakongo."

Kariuki akamtazama. "Mimi si nilikuuliza, ukasema humjui?"

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anaimba vizuri."

Kariuki alitaka kucheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Tamasha ni wiki ijayo," akasema. "Mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali."

"Wewe una redio. Kitafute hicho kibali."

Kibali kilipatikana siku moja kabla. Adeng na mzee Wiyual walifika kwa pikapu ya kubebea sola, Ekal akiwa kwenye usukani. Akai na Ekal walisalimiana kama majirani waliogombana juu ya mpaka. Hakuna aliyetaja lolote.

Hawakupewa nafasi ya mwisho. Walipewa saa tisa alasiri, jua likiwa bado linapiga, na nusu ya viti vikiwa vitupu. Watu walikuwa wakinunua maji na kuitana. Mzee alikaa, Ekal akakaa, na Adeng akakisogeza kipaza sauti mbali kidogo na mdomo, kama kitu asichokiamini. Aliimba wimbo wa mto wa kwao, na wachache waliokuwa kivulini wakaacha kuongea. Kisha akasema, "Hii ya pili ni ya Mama Ewoi wa hapa. Mimi nimeazima."

Alikuwa ameshasahihisha lile neno alilokuwa akilikosea. Akai, aliyekuwa pembeni ya jukwaa akingoja zamu yake, alilisikia, akajua ni Ekal aliyemsaidia, na kidonda kikafunguka upya. Adeng alipofika pale pa kunyamaza, uwanja wote ulinyamaza naye. Mwanamke mmoja mzee wa Kiturkana, mwenye shanga zilizofunika shingo yote, alisimama kutoka safu ya nyuma, akatembea mpaka mbele, akasimama tu akimtazama, bila kucheza. Wengine wakamfuata.

Zamu ya Akai ilipofika aliimba vizuri. Watu walimshangilia kama kawaida. Alijua tofauti, na alijua kwamba Ekal, aliyekaa kwenye nyasi kavu na gitaa magotini, anaijua pia.

Redio ilirusha nyimbo mbili za Adeng. Walipiga simu kutoka Eldoret kuuliza ni nani. Sifa zake hazikwenda mbali sana. Baada ya mwezi stesheni za Nairobi zilirudi kwa nyimbo zao za kawaida. Lakini Kakuma kulitokea jambo. Familia moja ya Wadinka ilimwita Adeng kwenye harusi, na iliposema mzee abaki, Adeng akasema basi naye atabaki, na baada ya siku kadhaa za kubishana wakawaita wote wawili. Mzee Wiyual alikaa pembeni, karibu na mlango, lakini alipiga.

Lodwar nako watu walianza kufika kibandani na kusema, "Mama Ewoi, kwenye harusi yetu utuimbie ule wimbo wa Adeng."

Mara ya kwanza alipoambiwa hivyo, Akai aliweka mkasi chini na kutoka nje kidogo. Alisimama juani mpaka uso ulipoacha kumuwaka. Kisha akarudi na kusema, "Sawa, nitauimba." Akauimba, na pale pa kunyamaza akanyamaza, akichukia kila pumzi ya ule ukimya kwa sababu ulikuwa wa mwenzake, na kwa sababu mle ndani alimwona mama yake.

Mwanzoni mwa msimu wa mvua alimwendea Ekal, aliyekuwa juu ya paa la duka moja la dawa akikaza nati.

"Shuka," akamwambia. "Nina kitu kipya."

Ekal alishuka akijifuta mikono kwenye suruali. Alikwenda kuchukua gitaa, na wakakaa kwenye ngazi za nyuma za duka. Akai alimwimbia beti mbili kwa sauti ya chini. Hakuwa ametunga kitu tangu mama yake afe. Ekal alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaweka vidole kwenye nyuzi na kutafuta. Alipopata, Akai alijua papo hapo kwamba hakikutoka Kakuma wala mahali pengine.

"Rudia," akasema Ekal.

Akarudia. Walipomaliza Akai alimtazama machoni.

"Huu usiupeleke kule."

"Ataupenda."

"Najua ataupenda. Ndiyo maana nakwambia usiupeleke. Mpaka niuimbe mimi kwanza, niushibe."

Ekal akatabasamu kidogo. "Na ukishashiba?"

Akai alihesabia kwa mguu, na wakaanza tena kutoka juu.